Unaomba MMed (shahada ya ubingwa) ya upasuaji? Kabla ya kulipa ada, chunguza simu ya saa nane usiku inapokelewaje

KisuButu (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila dirisha la maombi likifunguliwa, PM yangu inajaa vijana waliotoka kumaliza intern. "Bro, upasuaji nisomee wapi?" Nikiwauliza wanatafuta nini, wananitajia ada, jina la chuo, idadi ya maprofesa, na kama kuna mashine ya laparoskopi, ile ya kupasua kwa tundu dogo na kamera. Sawa, hayo ni ya kuuliza. Lakini mashine hiyo utaishia kuishikia kamera miaka miwili, na profesa utamwona Jumanne kwenye raundi kubwa. Utakachoishi nacho kila siku ni tabia ya pale: watu wanasemeshanaje, nani ana ruhusa ya kuuliza, na aliyekosea anafanywa nini. Hiyo hawaiweki kwenye tovuti ya chuo.

Mimi nilimaliza miaka kadhaa iliyopita, sasa niko hospitali ya mkoa, wapasuaji tuko wawili. Naandika niliyoyaona. Hospitali sizitaji, na naomba msibashiri hapa, mtaniharibia kazi.

Mwaka wa kwanza, wiki yangu ya tatu ya zamu. Saa sita na nusu usiku gari la wagonjwa la wilaya linashusha kijana, mkulima. Tumbo limevimba kama ngoma, siku mbili hajapata choo, hata upepo hautoki. Eksirei inaonyesha utumbo mpana umejisokota, umejaa filimu nzima. Mapigo 128. Nilipombonyeza upande wa kushoto alinidaka mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Nikamwambia mwenzangu wa mwaka wa pili kwamba nampigia bosi. Akacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka. "Hapa haamshwi mtu kwa ajili ya tumbo. Weka mpira, weka dripu, subiri ripoti ya asubuhi."

Jamani, hilo halikuandikwa popote. Hakuna aliyewahi kutukataza kupiga simu. Ila wiki iliyotangulia mwenzetu mmoja alipiga saa tisa usiku, na asubuhi akasimamishwa mbele ya watu ishirini, akahojiwa neno kwa neno alichokisema kwenye simu, mpaka interni mmoja akatoka nje kwa aibu isiyokuwa yake. Somo likatuingia wote.

Tulimfungua yule kijana saa nne asubuhi. Utumbo mweusi tii. Alifariki siku ya tatu. Kwenye kikao cha vifo bosi akaniuliza, tena kwa upole kabisa: "Kwa nini hukunipigia?" Watu wote wakawa wanaangalia viatu vyao. Nikajibu sikuwa na salio. Watu wakacheka, kikao kikaendelea, na kwenye kitabu ikaandikwa kwamba mgonjwa alichelewa kufika hospitali.

Mwaka uliofuata nikapelekwa miezi miwili kwenye hospitali moja ya misheni huko bara. Mpasuaji wa pale alikuwa mzee, mkali kama pilipili. Ukifika raundi hujui potasiamu ya mgonjwa wako, siku yako imeharibika. Lakini namba yake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya sinki la kunawia la thieta, yaani chumba cha upasuaji, na ukimpigia saa nane usiku neno lake la kwanza lilikuwa "nakuja", hujamaliza hata kueleza. Siku nyingine alisikiliza kwanza kisha akasema, "Hiyo unaiweza, fungua, nakunywa chai nakuja." Asubuhi swali lake lilikuwa hilo hilo kila siku: usiku ni mgonjwa gani mlifikiria kunipigia mkaacha?

Wote wawili walikuwa wakali. Yule wa kwanza alimkaripia aliyempigia, huyu alimkaripia asiyempigia. Kwangu mimi huo ndio utamaduni wa idara, mengine ni mapambo.

Utajuaje kabla hujalipa? Omba ruhusa kwa mkuu wa idara, kaa siku tatu kama mgeni. Mwenye nyumba safi hakatai mgeni. Ukiambiwa "hatupokei wageni, soma prospectus", hapo umeshajibiwa nusu.

Siku ya kwanza nenda ripoti ya asubuhi, kaa nyuma kabisa. Subiri kesi iliyoharibika, maana haikosekani. Sikiliza swali la kwanza litakalotoka mbele. Kuna idara swali la kwanza ni "nani alikuwa zamu?", na kuna idara ni "mgonjwa alikuwaje mlipomwona?" Kisha hesabu waliofungua midomo. Kama ndani ya saa nzima wamesema watatu tu na wote wana mvi, basi waliobaki wameshajifunza kunyamaza.

Siku ya pili ingia thieta, angalia ile orodha ya usalama ya WHO. Hii ina historia na sisi. Walipoifanyia majaribio walichagua hospitali nane duniani: Seattle, Toronto, London, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara yetu. Matokeo yalitoka 2009: ukijumlisha hospitali zote nane, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara kutoka 11 hadi 7. Ndani ya orodha ile kuna kipengele kinachoonekana cha kitoto: kabla ya kukata, kila mtu aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Angalia kinafanywaje. Nimeona mahali karatasi inajazwa tiki zote mgonjwa akiwa ameshapelekwa wodini. Na nimeona mahali mfagiaji aliyekuwa amebaki ndani alitaja jina lake, na mpasuaji akasema "karibu". Aliyetaja jina lake mwanzoni, baadaye akiona mguu unaoandaliwa siyo, hatashindwa kusema.

Usiku wa tatu lala pale. Lala kabisa, kwenye benchi la chumba cha madaktari. Usiku huo ndio utakuonyesha kila kitu.

Jambo la mwisho halafu niwaache mchangie. Ukikuta idara inajisifu kwamba "sisi hatuna matatizo, hatuna makosa", ogopa. Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, miaka ya 1990 alichunguza timu za wauguzi na makosa ya dawa. Alitegemea timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache. Akakuta zimeripoti mengi zaidi. Si kwamba zilikosea zaidi, bali watu wake hawakuogopa kusema. Kwa hiyo kitabu cha makosa kilichojaa ni dalili njema, na kile cheupe kinatia wasiwasi.

Karibuni.

Chachandu

Mkuu hili ni gazeti, lakini nimelimaliza lote nikiwa foleni ya benki. Hiyo "sikuwa na salio" imeniuma. Nakaa siti ya mbele.

Mzee wa Kombati

Nimesoma. Nina miaka zaidi ya thelathini kwenye kazi hii na nitasema ukweli ambao hamtaupenda.

Vijana mmekuwa laini. Sisi tuliingia Ijumaa tukatoka Jumatatu. Nililala juu ya machela, nikaamshwa, nikapasua, nikarudi kwenye machela ile ile. Hakukuwa na mtu wa kuniuliza najisikiaje. Upasuaji si kazi ya benki. Mgonjwa akianza kutoka damu hakuulizi kama umekula. Mtu anayelia kwa sababu amekaripiwa kwenye ripoti, siku tumbo limejaa damu na umeme umekatika atafanya nini? Ukali ndio uliotutengeneza. Mimi simu yangu sijawahi kuizima, lakini ukinipigia hujampima mgonjwa wako, utanitambua.

KisuButu

Mzee, shikamoo. Ukiisoma vizuri, mimi na wewe hatubishani. Huyo mzee wa misheni angekupenda. Ukinikaripia kwa kutompima mgonjwa nitampima kesho. Ukinikaripia kwa kukuamsha, kesho sitakuamsha. Mtu hujifunza kile anachokaripiwa nacho, hapo hakuna ulaini.

Halafu huu mtindo wa kuishi hospitalini tunaouita wa mababu, mwanzilishi wake ni Halsted pale hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Vijana wake walikaa ndani ya hospitali, ndiyo maana wakaitwa "residents". Alikuwa mpasuaji hodari sana, hilo halina ubishi. Alikuwa pia mraibu wa kokeini, aliyoanza kwa kujifanyia majaribio ya ganzi, na baadaye mofini. Sisemi mfumo ni mbaya kwa sababu hiyo. Nasema tu tusiuchukulie kama umeshuka na mitume.

NdaniYaTheluji

Habari kutoka Marekani, niko mwaka wa nne wa upasuaji huku. Niongeze uzoefu wa upande huu, maana watu wanadhani huku ni peponi.

Huku kuna sheria ya saa: 80 kwa wiki, wastani wa wiki nne, nchi nzima tangu 2003. Chanzo chake ni binti wa miaka 18, Libby Zion, aliyefariki New York mwaka 1984 akiwa mikononi mwa madaktari wanafunzi wa zamu ndefu. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari, hakunyamaza. Jimbo la New York likaweka kikomo 1989, nchi nzima ikafuata miaka 14 baadaye.

Sasa niwape siri ya ndani. Saa tunajaza wenyewe kwenye kompyuta. Programu, yaani idara inayotufundisha, ikizidisha saa inaweza kupewa onyo, ikipokonywa kibali ni sisi tunaobaki bila pa kumalizia masomo. Kwa hiyo mtu amefanya saa 95 anaandika 79. Hakuna anayekuambia uandike hivyo. Ni kama ile habari ya mleta uzi, haijaandikwa popote.

Na Mzee wa Kombati ana hoja moja ya haki. 2016 ilitoka tafiti kubwa, programu 117 za upasuaji ziligawanywa kwa bahati nasibu: zingine zikabaki na kanuni kali za zamu, zingine zikalegezewa, mradi zisivuke zile 80. Kwa wagonjwa hakukuwa na tofauti ya maana. Kwa hiyo anayepima idara kwa urefu wa zamu peke yake anapima kitu kisichotosha.

Ila 2019 kukaja nyingine kwenye New England Journal of Medicine, hii ilitikisa. Waliulizwa madaktari 7,409 wanaosomea upasuaji kwenye programu 262, karibu nchi nzima. Asilimia 30 walisema wametukanwa, wamedhalilishwa au wamepigwa. Kwa wanawake, asilimia 65 walisema wamebaguliwa kwa jinsia yao. Asilimia 4.5 ya wote walikuwa wamewaza kujiua ndani ya mwaka mmoja. Kilichonigusa zaidi ni kwamba programu hazikufanana hata kidogo. Kuna ambako hali ilikuwa mbaya sana na kuna ambako hayo yalikuwa machache. Mfumo ni ule ule, sheria ni ile ile, mshahara unakaribiana. Maana yake "upasuaji ndivyo ulivyo" si jibu.

Nami wakati nachagua nilifanya kosa. Huku usiku wa kuamkia usaili walikuwa wanatutoa chakula cha jioni na wanafunzi wa pale, bila mabosi. Sehemu moja walitukirimu kwelikweli, mezani wanafunzi sita, wote wanasema "we are like a family". Nikavutika. Kilichonipita ni kwamba wote sita walikuwa wa mwaka wa kwanza na wa pili. Wa mwaka wa nne na wa tano hawakuja hata mmoja. Nilielewa sababu nilipofika huko mwenyewe.

SistaThieta

Mimi ni muuguzi wa thieta, mwaka wa 19 huu. Nimeona madaktari wakija wembamba wakiondoka na vitambi. Cha ajabu kila mtu huwauliza madaktari habari za madaktari. Tuulizeni sisi.

Mimi nampima mpasuaji kwa vitu viwili. Cha kwanza ni umeme ukikatika au saksheni, mashine ya kufyonza damu, ikigoma katikati ya kazi. Yupo ambaye chumba kizima kinaanza kutetemeka, vifaa vinaruka. Mimi nimewahi kupigwa na koleo la chuma hapa begani, na kesho yake nikaulizwa kwa nini sijachangamka. Na yupo anayebana mshipa kwa kidole, ananyamaza, anasema "sista, tochi ya simu", na watu wanacheka kidogo halafu kazi inaendelea.

Cha pili ni gozi, vile vitambaa vya kukaushia damu. Tunahesabu kabla ya kufunga tumbo. Siku hesabu haijatimia, nikasema "Daktari, moja haionekani", naangalia uso wake. Hapo ndipo mtu anapojulikana. Kuna anayesema "hesabu tena, wewe ndiye hujui kuhesabu", huku sindano inaendelea kushona. Kuna anayeweka sindano chini bila neno na kurudisha mkono ndani ya tumbo. Nakumbuka usiku mmoja tulitafuta dakika ishirini na tano, ikapatikana imenasa chini ya kiatu cha mtu wa usingizi. Mpasuaji akaniambia ahsante. Wanafunzi wake wawili walikuwepo, na wote wawili leo ni mabingwa. Nimefanya kazi nao. Wote huweka sindano chini.

Kwa hiyo mdogo wangu unayechagua chuo, njoo uongee na sista mwenye umri, siyo ofisini, njoo wakati tunakunja gozi. Usiulize "fulani ni mzuri?" Tutakuambia ni mzuri. Uliza: "Mama, ukiugua wewe, akupasue nani?" Halafu uliza: "Na mwanao akisomea upasuaji, umlete hapa?" Majibu hayo mawili huwa hayafanani.

Chachandu

Sista ametoa somo la semesta nzima bure.

BintiWaPangani

Uzi mzuri, ila naona wachangiaji mmeizunguka habari ya wanawake kama mtu anayezunguka dimbwi. Niseme mimi.

Nilipofanyiwa usaili, wanaume waliotangulia waliulizwa kuhusu kidole tumbo na ngiri. Mimi niliulizwa nimeolewa lini na nategemea watoto wangapi. Nikajibu, nikacheka, nikaingia. Mwaka wa pili nikashika mimba. Hakuna aliyenifukuza. Ila jina langu likaanza kutoweka kwenye orodha ya upasuaji mkubwa, "tunakuhurumia, dada". Huruma hiyo ilinigharimu. Logibuku yangu, daftari la kesi nilizoshiriki, ya miezi saba imejaa neno "alisaidia, alisaidia, alisaidia". Niliporudi kutoka likizo nikaambiwa sina kesi za kutosha kupanda mwaka.

Sijapigwa wala kutukanwa, na nikimlalamikia mtu ataniuliza kwani wamekufanya nini. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mabinti: uliza idara ile imewahi kuwa na mwanafunzi aliyejifungua akiwa masomoni, na yuko wapi sasa. Mtafute, mpigie. Kama hajawahi kutokea hata mmoja kwa miaka kumi, jiulize wametokomea wapi. Na uliza mwanamke analala wapi usiku wa zamu. Mimi chumba cha zamu kilikuwa kimoja, vitanda viwili, komeo limevunjika. Niliripoti mara tatu. Mara ya nne nikanunua kitasa kwa pesa yangu.

KisuButu

Dada, umenishika. Niliandika uzi mrefu kiasi kile na hilo sikuligusa, na katika darasa langu walikuwemo wanawake wawili. Mmoja alihamia magonjwa ya ndani. Tulisema "hakuweza". Sikuwahi kumuuliza.

MtuWaThika

Salamu kutoka Kenya. Hapa kwetu madaktari wanaosomea ubingwa tunawaita rejista. Nataka kuongeza mambo ya pesa kwa sababu mnaongea utamaduni kana kwamba tumbo haliulizi.

Wengi wetu tunasoma kwa kujilipia. Unalipa karo, halafu unafanya kazi usiku na mchana katika hospitali ya umma, na mwisho wa mwezi hakuna kitu. Mgomo ule wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, viongozi wa chama wakapelekwa jela, watu walidhani ni mishahara tu ya wakubwa. Rejista pia walikuwa na kilio chao. Sasa niambie, mtu hajalipwa, ana locum (kibarua cha muda) mahali pengine Jumamosi na Jumapili ili watoto wale, Jumatatu amefika amechoka, anakaripiwa kwamba hana bidii. Hiyo tabia mbaya inatoka kwa nani? Ukienda kuchunguza idara, uliza wanafunzi wangapi wana kazi ya pili. Ukipata ni wote, ujue hata mwalimu awe malaika, atakuwa anafundisha watu wanaosinzia.

KisuButu

Kaka wa Thika, kweli kabisa, na huku kwetu ni hivyo hivyo kwa asiye na mwajiri wala ufadhili wa wizara. Mwenye ruhusa ya masomo anapata mshahara wake wa halmashauri, mwenzake wa kitanda cha pili anajilipia, na zamu ni moja. Nimeona chuki ikianzia hapo, watu wakadhani ni tabia.

Kwa wanaofikiria njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ile yenye makao makuu Arusha: wengi hulipwa na hospitali wanayofanyia kazi, hilo ni jema. Lakini angalieni zaidi ya watu wa MMed. Miaka 2 ya mwanzo mpaka MCS (uanachama wa chuo), halafu mingine 3 mpaka FCS (ubingwa wenyewe), inaweza kuwa hospitali ile ile yenye wapasuaji watatu. Ukikosana na mmoja, hakuna kona ya kujificha. Huko siku tatu hazitoshi, kaa wiki.

Na hilo la logibuku alilolisema BintiWaPangani, naomba kila mtu alichukue. Muombe mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akuonyeshe ya kwake. Usiangalie jumla. Angalia safu ya nani alishika kisu. Nimeona mtu ana kesi 600 na alizofanya mwenyewe hazifiki 60, nyingine zote alishikilia retrakta, chuma cha kuvuta jeraha, wageni wa kutoka nje wakipasua wagonjwa wetu kwa ajili ya uzoefu wao. Mtu huyo leo yuko peke yake wilayani.

InterniMstaafu

Wakuu, mimi ni mmoja wa wale waliomjazia PM mleta uzi. Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilikuwa barabarani. Nilikuwa na sehemu mbili, nimekwenda zote. Sitaji.

Sehemu ya kwanza ina jina kubwa, thieta sita, vigae vinang'aa. Ripoti ya asubuhi nilihesabu kama mlivyosema: saa moja na dakika kumi, waliosema ni wanne. Kesi ya usiku mgonjwa alifariki, na swali la kwanza lilikuwa "nani huyu?" Mwanafunzi akasimama. Hakukaa tena mpaka mwisho. Nilipomuuliza mchana kama walimu wanapatikana usiku, akaniambia "wanapatikana sana", huku anaangalia mlango. Sista niliyemkuta anakunja gozi nikamuuliza swali la mwanao. Akaniuliza mimi nimetoka mkoa gani.

Sehemu ya pili rangi imebanduka, laparoskopi ipo moja na siku hiyo ilikuwa mbovu. Nililala chumba cha zamu, mbu hawana adabu. Saa nane na robo ikaja ajali ya bodaboda, kijana mweupe kwa kuishiwa damu, tumbo linajaa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, tena dada mdogo kabisa, akapiga simu mbele yangu. Ikaita mara mbili. Nikasikia sauti ya mwanaume: "Sema." Akaeleza kama dakika moja. Sauti ikauliza, "Wewe unadhani ni nini?" Akasema bandama. "Damu umeomba?" Chupa nne. "Haya, mpeleke ndani, anza kunawa, usinisubiri mlangoni." Baada ya dakika kumi na mbili akaingia, mrefu, ana upara, kavaa koti jeupe juu ya kikoi, miguuni kandambili. Akamkuta dada ameshanawa. Akasimama upande wa msaidizi.

Walipotoka ilikuwa alfajiri. Kwenye korido akamfokea kweli kweli, kwamba alisahau kupima presha mara ya pili kabla ya kumwingiza mgonjwa. Dada akasema "ndiyo bosi", akaandika kwenye daftari. Kisha akaulizwa kama amekula.

Fomu nimejaza ya pale. Nimeona logibuku ya wa mwaka wa mwisho pia, ngiri 52, mwenyewe kafanya 38. Sasa natafuta wa kunisaidia ada.

SistaThieta

Umefanya vema mwanangu. Peleka chandarua.

Mzee wa Kombati

Huyo wa kandambili, anatembea kama anavuta mguu wa kushoto kidogo?

InterniMstaafu

Ndiyo mzee. Unamfahamu?

KisuButu

Mzee, tulikubaliana hatutaji.

Mzee wa Kombati

Sitaji. Nilimfundisha mimi. Usiku wa kwanza aliponiamsha alikuwa anatetemeka mpaka simu ikamdondoka, nikakaa na kipokeo sikioni nikimsikia anaitafuta uvunguni mwa kitanda.